Sijui, Tutazame: Wasifu wa Thirza Maud Marriner (1979–2024)

Ndugu, jamaa na majirani, tunajua mmeiona. Kila aliyeingia mlangoni ameitazama, akageuza uso, kisha akaitazama tena. Huo msalaba wa rangi ya waridi uliopulizwa juu ya mfuniko wa jeneza si uhuni wa vijana, wala fundi wa jeneza hakuteleza mkono. Umewekwa kwa ridhaa ya familia yote, pamoja na mama mzazi wa marehemu, ambaye mwanzoni alikataa katakata. Utaelezwa ukifika mahali pake. Kwa sasa ketini. Sisi wenyewe hatujaketi vizuri tangu tulipopigiwa simu.

Thirza Maud alizaliwa tarehe 14 Juni 1979 mjini Deloraine, katika kisiwa cha Tasmania, Australia, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Clem Cubitt, mkata manyoya ya kondoo, na Bibi Enid Cubitt, aliyeketi hapa mbele. Dada yake, Nola, alikuwa na miaka minane. Alipoonyeshwa mtoto ndani ya blanketi alisema, "Mbona mwekundu hivi? Mrudisheni." Hakurudishwa, na kuanzia wiki ile Nola hakumruhusu mtu mwingine yeyote kumbeba bila kumwelekeza jinsi ya kushika kichwa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1985. Hakuwa mtoro, hakuwa mkorofi, hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Akiwa darasa la nne alinyoosha mkono na kuuliza kwa nini maziwa yakichemka hupanda na kumwagika wakati maji yanachemka palepale yalipo. Akajibiwa kwamba hilo halimo kwenye mtihani. Alirudi nyumbani masikio yamewaka. "Mimi sikuuliza kama limo," alimwambia Nola, na akatupa mkoba chini ya kitanda. Tangu hapo hakunyoosha mkono tena, na ripoti zake za shule zikaanza kusifia utulivu wake. Wazazi walifurahi sana. Alimaliza masomo mwaka 1995, mtulivu kama kabati.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchambua vitunguu kiwandani, kazi iliyomwachia kikohozi na chuki ya kudumu dhidi ya vitunguu. Mwaka 1998 aliajiriwa katika kliniki ya meno mjini, msaidizi wa daktari, na akakaa hapo mpaka alipojifungua. Wengi wenu mliomo humu mnamkumbuka kwa mkono wake, kwa sababu ndiye aliyewashika bega mashine ilipoanza kulia. Huko ndiko alikojua meno. Mtu akicheka mbele yake, Thirza alicheka naye huku macho yake yakikagua mapengo. Ilikuwa tabia mbaya na hakuiacha.

Huko huko kliniki ndiko alikokutana na Garth Marriner, dereva wa lori la kukusanya maziwa. Garth aliingia na jino lililovunjika, likazibwa. Wiki iliyofuata alirudi akisema linauma. Likatazamwa, halina kitu. Akarudi tena. Safari ile daktari aliweka kioo chake mezani akasema, "Bwana Marriner, jino hili ni zima kuliko la kwangu. Unachokitafuta hakimo kinywani mwako. Thirza, mpe huyu bwana siku yako ya mapumziko kabla sijamng'oa bure." Walifunga ndoa katika kanisa hili hili tarehe 21 Novemba 2009. Walingoja mtoto kwa muda mrefu, na tarehe 3 Februari 2015 wakampata Ismay.

Hapa ndipo maisha ya Thirza yanapoanza kusimulika, kwa sababu hapa ndipo alipoanza tena kuuliza.

Ismay alikuja na maswali kama watoto wengine wanavyokuja na nywele. Alipoanza shule alivumilia muhula mmoja na vipande vya wa pili. Mwalimu wake alikuwa mwema, hatuna neno naye. Lakini jioni moja mtoto alikaa mezani, mikono kifuani kama hakimu, akasema, "Mama, kule shuleni maswali anauliza mwalimu, na majibu anayo tayari. Sasa anauliza ya nini?"

Thirza aliweka sahani chini. Mwezi uliofuata alimtoa mtoto shule.

Msidhani tulipiga makofi. Bibi Enid alikaa siku nzima na koti lake mwilini, ndani ya nyumba yake mwenyewe, kwa mshtuko. Nola alikwenda moja kwa moja jikoni kwa mdogo wake bila kubisha hodi.

"Wewe utamfundisha nini huyo mtoto? Hesabu zilikushinda wewe!"

"Sitamfundisha."

"Hee! Utafanya nini basi?"

"Nitamfuata."

"Utamfuata wapi?"

"Sijui. Anakokwenda."

Nola alisema maneno ambayo hayafai kanisani, akanywa chai, akaondoka na mkate wa ndizi.

Kitu cha kwanza Ismay alichokifuata kilikuwa, mchungaji atusamehe, mavi ya wombati, yule mnyama mnene anayechimba mashimo. Kila mtu hapa anayajua, yanatoka ya pembe nne kama matofali madogo, na mnyama huyo huyaweka juu ya mawe kama anayapanga dukani. Ismay alitaka kujua mnyama wa mviringo anatoaje kitu cha pembe nne. Thirza alifurahi kupita kiasi. Akaona hii ndiyo nafasi yake. Siku ya kwanza walitazama mavi. Siku ya pili walipima mavi. Siku ya tatu kulikuwa na hesabu za maumbo ya pembe nne, siku ya nne keki za pembe nne, siku ya tano imla ya maneno ya pembe nne, na mwisho wa wiki Thirza alikuwa ametunga wimbo. Ismay aliweka kijiko chini katikati ya ubeti wa pili.

"Mama," alisema, "umeyaharibu mavi yangu."

Na hakuyagusa tena kwa mwaka mzima.

Wazazi wote wanaosomesha watoto nyumbani wameshafanya kosa hilo, na wanajua linavyouma. Mtoto anakuonyesha kimoto chake kidogo, wewe unamwagia gunia zima la mkaa. Thirza alilia kidogo, kisha akakaa kwenye cherehani na kushona mifuko miwili mikubwa kwenye kila aproni aliyokuwa nayo. Tangu siku ile, mtoto akiinamia kitu, Thirza aliingiza mikono mfukoni. Akiona anaanza kueleza kitu ambacho hajaulizwa, alikunja ngumi ndani ya mfuko mpaka hamu ipite. Na akiulizwa, hata kama jibu alikuwa nalo ulimini, alijibu kwa maneno mawili tu: "Sijui. Tutazame."

Kina mama wa kikundi cha Alhamisi, wanaokutana na watoto wao katika ukumbi wa kijiji, walimcheka. Kisha mmoja mmoja wakaja kuomba mfano wa aproni. Leo wamevaa, mtawaona pale nyuma karibu na dirisha. Tuliwaambia waje na nguo za mazishi, wakasema hizi ndizo.

Halafu ikaja mifupa. Ilianza na fuvu la posamu, mnyama mdogo wa mitini, alilolikuta mtoto chini ya uzio. Thirza aliyajua meno, Ismay hakujua kitu, na kwa mara ya kwanza mama na mtoto walikaa chini sakafuni wote wawili wakiwa na hamu ya kweli. Kwa nini wombati meno yake hayaachi kukua? Sijui, tutazame. Waliomba kibali kinachotakiwa, wakaanza kuokota wanyama waliogongwa barabarani, na katika wilaya hii si kitu cha kutafuta kwa taabu. Wengine waliwazika bustanini ili wadudu wafanye kazi yao, wengine waliwaloweka, na wengine, kwa bahati mbaya, waliwachemsha.

"Thirza!" Nola alipiga simu siku moja, akiwa anatafuta chombo chake cha kupikia jemu ya matunda. "Ile sufuria yangu kubwa iko kwako?"

"Iko."

"Unaitumia?"

Ukasikika mfuniko ukirudishwa taratibu.

"Thirza, nakuuliza, kuna nini ndani ya sufuria yangu?"

"Dada, nitakununulia nyingine."

Alimnunulia. Ile ya zamani bado iko kwenye banda la nyuma, na hakuna atakayeisafisha.

Mwaka uliofuata alikuja afisa wa elimu ya nyumbani, Bwana Fenwick Oakes, kutazama kama mtoto anaendelea. Hii ni ziara ya kawaida ya kila mwaka, lakini Thirza alikuwa amekesha. Akiona mapungufu, wanaweza kumrudisha mtoto shule. Bwana Oakes aliketi, akafungua kalamu, akamuuliza Ismay anasoma nini.

"Wewe una meno mangapi?" Ismay alimuuliza.

"Thelathini na mbili, nadhani."

"Umehesabu?"

Mzee wa watu akaanza kuyahesabu kwa ulimi, taratibu, shavu linapanda linashuka. Akafika mahali akakosa. Akaanza upya. Ismay akamletea kioo na tochi. Basi wakaingia wawili wale kwenye habari ya meno ya mwisho, kwa nini watu wengine wanayo na wengine hawana, na nusu saa ikapita hajaandika neno. Thirza alisimama karibu na jiko, mikono mfukoni, amekunja ngumi hadi mifuko ikakatika uzi. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Bwana Oakes alipoomba kwenda msalani.

"Ngoja!" Thirza alipiga kelele.

Alichelewa. Mlango ulifunguka, kisha ikasikika sauti kama ya mtu aliyekalia msumari. Kwenye beseni la kuogea alikuwemo wallabi mzima, yule kangaruu mdogo, amelowekwa tangu Jumapili.

"Huyo anaitwa Gordon," Ismay alieleza kwa adabu kutoka mezani. "Hajaiva."

Bwana Oakes alirudi mweupe kama chokaa, akaomba maji, akakaa mpaka saa ya chai ya jioni. Alipitisha. Ametuma maua, ni yale ya njano pale kushoto, na kadi imeandikwa kwa Ismay, si kwetu.

Hatujazoea kuandika "alikuwa." Kila tunapofika kwenye neno hilo tunasimama kama mtu aliyekosea nyumba.

Kwenye wasifu wa namna hii, aya hii ni ya ugonjwa. Hatuna cha kuandika. Thirza hakuugua. Hakulalamika kichwa, hakulalamika mgongo. Jumatatu alipanda ngazi akasafisha mifereji ya paa. Jumanne tarehe 12 Machi, asubuhi yenye ukungu, alikuwa akiendesha gari na Ismay kuelekea mjini, na kabla tu ya daraja wakamkuta wallabi kando ya barabara.

Kwa ndugu zetu mliovuka maji kutoka bara, hatujui kwenu mnafanyaje. Huku kwetu, ukikuta mnyama amegongwa unasimama, unatazama mfuko wake wa tumboni. Mama anaweza kuwa amekufa na mtoto yuko hai humo ndani. Ukishamaliza unampulizia msalaba wa rangi inayoonekana kwa mbali, ili anayekuja nyuma yako ajue ameshatazamwa, asihatarishe roho yake kusimama konani bure. Kila gari la familia lina kopo la rangi kama lilivyo na jeki.

Thirza alitazama mfuko. "Hamna kitu," alimwambia mwanawe. "Piga alama." Akainuka, akajifuta mikono. Ismay akatikisa kopo, kisha akauliza, "Mama, mbona jicho lake moja limefumba na jingine liko wazi?"

"Sijui," Thirza alisema. "Ngoja tutazame." Akainama tena, na hakuinuka.

Dereva wa lori la magogo aliyefika pale aliona gari limesimama na taa zinawaka, mwanamke amelala ubavu kwenye majani, amefunikwa sweta la mtoto, na msichana wa miaka tisa amesimama barabarani akimpungia mkono. Nyuma ya msichana yule kulikuwa na wallabi mwenye msalaba mpya wa waridi, rangi inachuruzika. Alikuwa amepiga alama. Wapo watu waliosikia hilo wakashtuka, wakauliza mtoto gani huyu anayechezea rangi mama yake amelala chini. Leo watasikia jibu. Aliambiwa na mama yake apige alama, na hakutaka mtu mwingine asimame kwenye kona ile na kuinama.

Garth alikuwa kwenye zizi la mteja, bomba la maziwa mkononi. Nola alikuwa saluni, nusu ya kichwa ina dawa. Alifika hospitali hivyo hivyo, na nywele za upande mmoja hazitarudi rangi yake hivi karibuni. Daktari Ranasinghe alitwambia ni mshipa wa damu kichwani. Ulikuwa na ukuta mwembamba, pengine tangu utotoni, na umepasuka. Tulimwambia amekosea mtu. Tulisema Thirza Marriner jana alikuwa juu ya paa. Akatuacha tuseme, kisha akarudia.

Lakini mshtuko wetu haukuisha hapo, ulikuwa umepata mwenzake. Nyumba ilijaa watu, vyakula, viatu mlangoni, na ilichukua siku kadhaa kabla Nola hajagundua ni nini kilichokosekana. Alikuwa anaosha vyombo, akasimama ghafla, sahani mkononi.

"Garth. Mtoto hajauliza kitu."

"Amechoka."

"Hajauliza mama yake yuko wapi. Hajauliza watamzika lini. Shemeji, huyu hajauliza hata chakula ni nini."

Wakamtazama kupitia mlangoni. Ismay alikuwa ameketi kwenye kochi, mikono mapajani, mtulivu. Nola alisema utulivu ule aliwahi kuuona mahali, kwenye mtoto mwingine, miaka mingi iliyopita.

Siku ile ya kwanza Bibi Enid, kwa uchungu wa mzazi, alikuwa amesema jikoni, "Isingekuwa hiyo mizoga, mwanangu angekuwa hai." Hakujua kwamba mjukuu wake yuko nyuma ya mlango anatafuta soksi. Ameomba jambo hili liandikwe hapa, kwa jina lake, na tumeliandika.

Tulijaribu kila kitu. Tulimpikia, tulimletea paka wa jirani. Kina mama wa Alhamisi walikuja wakaacha vitu mezani bila kusema neno, kama wanavyofanya: fuvu la bata, sumaku, saa mbovu. Ismay alivipita tu. Hakugeuza shingo.

Ijumaa Nola alimchukua kwenda mjini kununua viatu vya leo. Wakiwa njiani wakakuta wombati amelala ukingoni, hana alama. Ismay alijifunika macho kwa viganja. Nola aliupita ule mzoga mita kama mia, akatukana, akarudi kinyumenyume. Huyu ni mwanamke ambaye hajawahi kugusa hata kuku aliyekufa bila karatasi mkononi. Alishuka na viatu vya kisigino, akachutama, akaanza kupapasa tumbo la mnyama akitafuta mfuko upande wa kifua.

Dirisha la gari lilishuka kidogo.

"Mama mkubwa, mfuko wa wombati unafungukia nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Nyuma! Kwa miguuni! Ili akichimba udongo usimwingilie mtoto."

"Na wewe unasema sasa, mkono umeshafika hapa?" Nola akajisogeza, akainama zaidi, na hapo mtoto akatoa yowe ambalo Nola atalisikia mpaka kufa kwake.

"Usiiname! Mama mkubwa, usiiname!"

Nola aliketi palepale kwenye changarawe. Ismay alitoka garini akamkimbilia, na kila kitu kikamwagika. Kwamba mama alikuwa ameshainuka. Kwamba alikuwa ameshamaliza na kujifuta mikono. Kwamba yeye ndiye aliyeuliza habari ya jicho, na mama akainama tena kwa sababu aliulizwa. "Nisingeuliza," alisema, "asingeinama." Basi, alikuwa ameamua kutouliza tena, asije akaua mtu mwingine.

Nola alitaka kumwambia, hapana mwanangu, usiseme hivyo, nyamaza. Maneno yalikuwa mdomoni tayari. Aliingiza mikono kwenye mifuko ya koti lake.

"Sijui kama ndivyo," alisema. "Twende tukamuulize anayejua."

Wakaenda kwa Daktari Ranasinghe kesho yake, Garth, Nola na Bibi Enid pia, kwa sababu alikataa kubaki. Daktari alisikiliza. Hakumwita mtoto mpenzi, hakumshika kichwa. Alivuta kiti chake karibu na wake.

"Ule mshipa ulikuwa umetutumka kama mpira wa baiskeli uliochoka," alisema. "Ungepasuka siku ile akiwa anafunga kiatu, au anapiga mswaki, au amekaa tu. Swali lako halikuupasua. Kuinama hakukuupasua."

Ismay akainua kidevu.

"Unajuaje?"

Garth alitoa sauti ambayo hatuwezi kuiandika, akafunika uso kwa kofia yake. Bibi Enid alisema, "Jamani, mtoto, daktari ameshakwambia," na Nola akaukamata mkono wa mama yake akautia kwenye mfuko wa koti, akaushikilia humo.

"Nimeuona kwenye picha," daktari alijibu. "Unataka kuiona?"

Alitaka. Alitazama picha ile kwa muda mrefu, uso karibu na kioo. Aliuliza ukuta wa mshipa mzuri una unene gani. Aliuliza kwa nini hautoi sauti kabla. Aliuliza kama mama aliumia, na akaambiwa ukweli, kwamba pengine kwa dakika moja, si zaidi. Halafu akauliza swali ambalo hakuna mtu mzima chumbani aliyekuwa amethubutu hata kuliwaza.

"Na mimi ninao?"

Daktari huyu hakuwahi kukutana na Thirza akiwa hai. Hakuwahi kuona aproni yake wala kufika jikoni kwake. Alimtazama mtoto usoni akasema, "Sijui. Tutazame."

Watatazama Jumatano ijayo, hospitali ya mjini Launceston, Ismay na mama yake mkubwa pamoja, kwa kuwa jambo hili wakati mwingine hufuata ukoo. Tunaogopa. Ismay pia anaogopa, na tangu juzi anataka kujua kwa nini ile mashine ya kupiga picha za kichwa inagonga.

Sasa alama. Jana, tulipokwenda kumuaga Thirza kabla ya mfuniko kufungwa, Ismay alisimama pembeni ya jeneza, akatazama macho ya mama yake, yote mawili yamefumba. Akamuuliza baba yake, "Mama ameshatazamwa?"

"Ameshatazamwa," Garth alisema.

"Vizuri?"

"Vizuri sana, mwanangu. Na watu wengi."

"Basi apigwe alama."

Bibi Enid aliruka. "Jeneza la mwanangu halipulizwi rangi kama mzoga wa barabarani!"

"Bibi," Ismay alisema, "alama si ya mzoga. Ni ya kwamba kuna mtu alisimama."

Bibi Enid alimtazama mjukuu wake, akatazama kopo. Kisha akanyoosha mkono, akalichukua, akalitikisa yeye mwenyewe mpaka ile gololi ya ndani ikalia chumba kizima, akampa mtoto.

Thirza Maud Marriner ameacha mume, Garth; binti, Ismay; mama mzazi, Bibi Enid Cubitt; dada, Nola Cubitt; kikundi cha Alhamisi; sufuria moja isiyosafishika; na Gordon, ambaye ameshaiva na amesimama kwenye dirisha la sebule. Kwa wale wanaouliza, na wapo watatu wameshauliza kabla hata ya maua kufika, mtoto harudi shule. Garth ataendelea na lori. Nola atakuwa naye mchana, ameshaanza kushona. Hana elimu ya kumpa na hilo analijua. Atamfuata.

Mkitoka makaburini, Ismay huenda akamfuata mmoja wenu na kumuuliza kaburi lina kina gani, au udongo huu mwekundu unatoka wapi, au mama yake atachukua muda gani kubaki mifupa. Tunawaomba msimwambie anyamaze. Msimpe keki. Kama hamjui, mnajua la kusema.

Thirza, huna tena haja ya kuinama. Pumzika, mama. Umeshatazamwa.